Hadithi Isiyo na Bunduki Hata Moja

Jumatano, 13 Agosti 1975

Belda amekuwa wa kwanza chuo kizima! Wa kwanza! Insha yake ya Kiingereza imepata kumi na tisa juu ya ishirini, na ile moja mwalimu ameibakiza kwa sababu, anasema, ishirini ni ya Mungu. Amefika saa tisa na lori la baba yake kutoka Mbale, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata mzigo hajautua, nimeshamng'oa habari yote mdomoni. Watoto wa walimu, watoto wa machifu, wote nyuma. Nyuma! Na mama yake ni nani? Ni mimi, Orpah, darasa la sita la misheni, fundi wa cherehani wa Bugembe.

Nimekwenda kwa jirani yangu Kagoya kuomba chumvi. Chumvi ninayo — kidogo, siku hizi nani ana nyingi — lakini ninayo. Nilitaka kupita tu. Kagoya akasema leo unatembea kama bibi harusi, kuna nini? Nikamwambia. Nikamwambia mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anafukuza kuku.

Nimemwuliza Belda insha inahusu nini. Mji, mama. Mji gani? Mji tu. Nimeishika — kurasa sita, mwandiko umelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Kiingereza changu kinaishia kwenye karatasi za uzi. Atanisimulia, nimemwambia, na asinipunje hata neno.

Odero, baba yake, amekula, amelala na tabasamu. Anajifanya hajali. Najua amewaambia madereva wote kuanzia Tororo.

Ijumaa, 15 Agosti

Ameisimulia leo, tukichambua maharage kwenye ungo.

Kuna mji. Hauna jina. Kila adhuhuri karani hupita nyumba kwa nyumba na daftari, kuhesabu sahani. Hahesabu watu — sahani. Nyumba iliyoandikishwa watu watano sharti iwe na sahani tano zenye chakula. Akiziona tano anaweka alama, anashukuru, anaenda zake. Mpole kabisa. Ana kikohozi. Sasa, watu wa mji huo wanapungua. Hakuna kelele, hakuna damu, hakuna bunduki hata moja. Mtu anatoka kununua kiberiti — basi. Kesho yake sahani yake inapakuliwa kama jana. Karani akiondoka, chakula kinarudi chunguni, na mama wa nyumba anaosha sahani zote. Hata ile ambayo haikuguswa. Hiyo safi ndiyo anaisugua zaidi.

Hivyo tu. Mwaka unapita. Sahani tano, walaji wanne. Sahani tano, walaji watatu. Mwisho mama yuko peke yake na sahani zake tano. Karani anahesabu, anaweka alama, anakohoa. Mama anamwambia pole na kikohozi.

Nikangoja. Nikasema, halafu? Belda akasema, hakuna halafu, mama.

Nikainuka. Nikaenda nyuma, kwenye kichanja cha vyombo, nikalia. Mimi! Mimi ambaye ndugu yangu Ouma, tumbo moja, alitoka Oktoba ya mwaka juzi kuziba pancha ya baiskeli na hajarudi hadi leo, na sikulia! Nilitafuta. Niliuliza ofisini kwa serikali, nikaambiwa nenda nyumbani mama, huenda amefuata mwanamke Kenya. Nikaenda nyumbani. Juma lile nilishona sare kumi na mbili za shule. Miaka miwili jicho kavu kama kokwa. Na leo — sahani! Sahani isiyokuwepo, ya mtu asiyekuwepo, katika mji usio na jina!

Kama angeandika habari za Ouma mwenyewe, na baiskeli, na ile ofisi, ningemwambia nyamaza mtoto. Ningeziba masikio. Lakini huyu mama wa sahani aliingia polepole, kama mgeni anayesema sikai, napita tu. Nilipogutuka alikuwa amekalia kiti cha ndani.

Belda alinifuata. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka.

Sikumwuliza kama ni Ouma. Ndani ya nyumba hii jina hilo halijatajwa muda mrefu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa nimekaa nikaiandika yote kwenye daftari jipya. Yeye alinisimulia nusu Kijaluo nusu Kiswahili. Mimi nimeandika Kiswahili kitupu. Kijaluo angekielewa nani hapa Bugembe? Jalada nimelipamba kwa ile chaki nyekundu ya kuchoria nguo: MJI WA SAHANI. UMETUNGWA NA BELDINA AKINYI ODERO, MWANAFUNZI WA UALIMU, MBALE. Limependeza! Kama kitabu cha dukani.

Belda alipoliona hakucheka. Mama, hili ni lako tu. Mwalimu wake, Bwana Gidudu, alimpa zile alama kisha akaiondoa insha kwenye rundo linalokwenda kwa mkuu wa chuo. Kamwambia, kazi nzuri kama hii inatakiwa ilale kwanza.

Nimesema ndiyo. Ndiyo mwanangu.

Alhamisi, 4 Septemba

Sikuweza! Nimejaribu siku kumi na nane, sikuweza!

Belda amerudi Mbale Jumatatu. Leo ni siku yetu ya kushona pamoja, akina mama watano, pale kwenye baraza la duka lililokuwa la Kanubhai, kabla Wahindi hawajafukuzwa. Mwenzetu mmoja akaanza na binti yake anayefanya kazi benki. Benki, benki, benki. Nikaona damu inapanda. Nikatoa daftari kwenye kikapu.

(Kwa nini lilikuwa kikapuni? Mungu anajua. Na mimi najua.)

Nikasoma. Mwanzo Kagoya alicheka — huyo mwenye kikohozi ni karani wetu wa soko, jamani owange! Wakacheka wote. Nilipofika pale mtu anakwenda kununua kiberiti, cherehani moja ikanyamaza. Halafu ya pili. Nilipofika kwenye kuosha nilisikia sauti yangu peke yake na inzi. Hakuna aliyepiga kelele. Machozi yalikuwa yanateremka tu, kama jasho. Kagoya alishika kifungo na sindano, hakukishona. Akasema, Tenywa wangu. Mara moja tu. Mwanawe wa kwanza — mwaka na nusu sijamsikia akilitamka jina lile. Bambi, akasema, maskini bambi, nami naosha ya kwake kila siku.

Mama Zaitun naye alikuwepo. Mke wa afande, mkubwa wa kambi ya jeshi, alikuja kuchukua gauni. Alisimama mlangoni na gauni lake mkononi mpaka mwisho. Akauliza:

— Mama ya sahani, jina yake nani?

Nikasema hana jina.

— Basi mimi nampa yangu.

Huyu mwenye binti wa benki hakufungua kinywa tena. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Mwanangu, kwa maneno tu! Bila hata fimbo!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesoma tena mara tatu. Wanaomba wenyewe! Mmoja alitoka Iganga kwa miguu sehemu ya njia. Sokoni Bugembe wanawake wakikutana sasa wanaulizana, umeshaosha? — na kujibu, nimeosha, tena safi. Wanacheka. Macho hayacheki. Mwanamume mmoja muuza ndizi, mtu mzima, kaniambia hadithi yako imeninyima usingizi mama, Mungu akubariki. Nikamwambia si yangu, ni ya binti yangu, yuko Mbale, anasomea ualimu, wa kwanza chuo kizima. Nimemwambia na jina.

Leo Mama Zaitun amekuja kwa cherehani na kilo mbili za sukari. Mbili! Akaomba daftari, mtoto wa dada yake amsomee nyumbani. Amekaa peke yake mno katika nyumba ile kubwa, hana wa kuzungumza naye, wake wa wakubwa wanamcheka kwa kutosoma. Nikamwonea huruma. Nilimpa kabla hajamaliza kuomba.

Chai ya leo ilikuwa na sukari kama zamani.

Jumanne, 16 Septemba

Odero amerudi kutoka Malaba. Hakuvua viatu. Alisimama katikati ya nyumba.

Iganga, kwenye chai, dereva asiyemjua alimshika bega: wewe ndiye baba wa zile sahani? Mezani wote wakanyamaza. Mmoja akalipa akaondoka bila kumaliza chai yake.

Nikamwambia usiniangalie hivyo, hakuna neno baya mle ndani. Hakuna serikali. Hakuna askari. Hakuna bunduki hata moja!

Akasema ndiyo sababu. Kama ingekuwa na bunduki, kila mtu angesema hii si yangu, ni ya watu wa bunduki.

Kisha akakaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo mbaya kwa Odero. Mama Belda, akasema, kwa Kijaluo tungeielewa sisi. Kwa Kiingereza wangeielewa walimu, na walimu wanajua kufunga mdomo. Katika lugha zote za nchi hii umeokota ile moja inayosikika kambi nzima ya jeshi, kuanzia mkubwa mpaka mpishi. Umewapikia, umewapakulia.

Nikasema mimi ni Mkenya, Kiswahili ni lugha yangu ya siku zote, sikufikiri...

— Na jina umeandika?

— Kwenye jalada.

— Na chuo?

— Na chuo.

Akavua kofia akaiweka magotini. Muda wote huo gari nje injini inawaka, amesahau kuizima.

Nimekwenda kwa Mama Zaitun mbio, jasho mgongoni. Alinikumbatia! Habari nzuri mama: afande amesikia. Siku ya kwanza alipita tu sebuleni mtoto akisoma, akasimama. Siku ya pili akakaa. Sasa amelichukua daftari ofisini, karani wake anamsomea. Nikasema nalihitaji kidogo, lina makosa ya herufi, naona aibu, nilirekebishe. Akacheka sana.

— Afande hapana jua kusoma, mama! Makosa haisumbui yeye!

Alhamisi, 18 Septemba

Barazani niko peke yangu. Cherehani zote kimya isipokuwa yangu. Kagoya kapita upande wa pili wa barabara. Nimemwita. Amekuja, akasimama mbali kidogo.

Mama Belda, akasema, mimi siku ile uliposoma sikusikia kitu. Nilikuwa nafukuza kuku.

Kule barazani hakuna kuku.

Jumamosi, 20 Septemba

Mbale. Tumeondoka alfajiri na lori. Chuoni hatukuthubutu, tumemwitisha Belda aje Namatala kwa Wasike, fundi wa magari, rafiki wa Odero wa tangu ujana. Amekuja na kitabu kwapani, amekonda shingo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, mwanangu, niliisoma. Kwa watu. Wengi.

Nilingoja anifokee. Ningependa anifokee! Akakaa kwenye gurudumu kuukuu pale uani. Akaniuliza:

— Walilia wapi?

Nikasema nini?

— Sehemu gani, mama. Walilia sehemu gani?

Nikamwambia: kwenye kuosha. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima kitambaa akakuta kimetosha. Alidhani ingekuwa kwenye pole ya mwisho. Alikuwa hajui. Jamani, mtoto ameandika kitu na hajui kinachoma wapi, mpaka mama yake mjinga alipokwenda kukijaribu juu ya watu.

Kisha akauliza kama niliandika neno kwa neno. Nikasema neno kwa neno. Halafu nikakumbuka.

— Karani nilimwongezea kofia.

— Kofia gani?

— Kofia tu. Ya kijani. Yenye nembo mbele. Nilimwona hana pambo, kama gauni lisilo na kola...

Odero akatoka nje. Belda akafumba macho. Katika insha yake, akasema, karani hana kofia, hana sare, hana hata rangi. Alikaa juma zima akimvua vitu vyote, mpaka akabaki mtu anayeweza kuwa yeyote. Hata anayesoma. Hata wewe, mama. Na mimi fundi nikamvika.

Zile kurasa sita Belda alimrudishia Bwana Gidudu, naye amezichoma Jumatano, aliposikia uvumi. Kwa hiyo hadithi ya mwanangu sasa iko moja tu duniani. Mwandiko wangu. Meza ya afande.

Tumezungumza mpaka saa nane. Wasike anasema avuke kwenda Kenya leo hii, lori lipo, Malaba si mbali. Mkewe anasema na wazazi wakiulizwa msichana yuko wapi? Odero anasema sisi tutajua la kujibu. Belda anasema mtihani ni Novemba, amebakiza wiki nane kuwa mwalimu, na akikimbia ndipo hadithi itakapokuwa na maana wanayoitaka wao. Kila mtu ana haki. Hilo ndilo linaloniua, kila mtu ana haki! Nilitazama mdomo mmoja, nikatazama mwingine.

Amerudi chuoni. Kwa miguu, kitabu kwapani. Hatukuamua kitu. Nimempa sukari iliyobaki.

Jumatano, 24 Septemba

Wamekuja leo saa nne asubuhi. Mama Zaitun na koplo mmoja mwenye adabu, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Odero yuko njiani, anapakua mzigo Malaba, hatarudi kabla ya Ijumaa jioni. Nilikuwa peke yangu na sindano mdomoni.

Mama Zaitun alianza. Macho yamevimba lakini anacheka. Afande alikuwa na mdogo wake, wote jeshini. Mwezi wa tatu mdogo mtu alikwenda kazini na hakurudi. Nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza, hata mama yao mzazi. Jumapili mchana afande kaketi mezani, katazama chakula, akasema mpakulie na yule.

— Siku tatu sasa tunapakua, mama. Yeye nakula, natazama ile sahani. Jana alisema jina yake. Mimi nafurahi! Huyu msichana yako ni dawa!

Akanishika mikono yote miwili. Nikalia naye. Kweli nililia, na — Mungu anisamehe — ndani ya kilio palikuwa na fahari, ndogo, kama moto wa kiberiti. Mtoto wangu amemfikia hata huyu.

Ndipo koplo akakohoa kidogo akafungua karatasi.

— Mama, afande nauliza. Msichana hii, nani aliambia yeye?

Nikasema, alimwambia nini, baba?

— Habari ya nyumba ya afande. Afande nasema mambo hii aliona yeye tu. Watu aliambia msichana, ni nani? Na kofia ya kijani, ni kofia ya nani?

Nikamwambia ni hadithi. Ya kubuni. Inatoka kichwani tu, hakuna aliyemwambia. Kofia ni yangu mimi, niliishona mimi, kwa maneno. Akaandika. Sijui aliandika nini. Nikarudia, ni ya kubuni, baba. Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

— Kama hakuna mtu aliambia, alijua namna gani?

Jibu nimelitafuta tangu saa nne, nalitafuta bado. Huyu afande analia au anahesabu? Mama Zaitun hajui. Nimemwuliza kwa macho, akaendelea kunitabasamia tu. Pengine afande mwenyewe hajui.

Koplo akasoma majina ya wanaotakiwa kwa afande. Msichana, asome mwenyewe kwa mdomo wake. Mimi. Baba yake. Bwana Gidudu mwalimu — jina lake wamelipata wapi, sijui, mimi sikulitaja, au nililitaja sokoni? Kagoya. Wale akina mama wengine watatu wa barazani, yule wa binti wa benki pia. Nikasema binti yuko mbali, ana masomo. Koplo kasema usihangaike mama, Landrova itamfuata Mbale Jumamosi asubuhi na mapema, itamchukua yeye na mwalimu wake, sisi wengine tutafuatwa hapa.

Mama Zaitun ananiuliza Belda anapenda nini, apike. Nikamwambia kuku wa kienyeji. Nilisema hivyo kweli.

Wakaondoka. Nilikwenda kwa Kagoya, kajifungia ndani, namsikia akipumua nyuma ya mlango. Nilikwenda barabara kuu kutafuta lori lolote la kupeleka barua kwa Wasike. Madereva wawili waliponiona walipandisha vioo. Wa tatu aliichukua, akaisoma kwa nje, akanirudishia. Pole mama, akasema.

Nimerudi nimekata kitambaa. Ile buluu niliyoitunza kwa mahafali yake. Vipimo vyake ninavyo kichwani, bega, kiuno, urefu, ila shingo amekonda, nitapunguza. Sijui kama namshonea kwenda kusifiwa au kwenda wapi. Mguu unakanyaga cherehani wenyewe.

Ni Jumamosi hii, tarehe ishirini na saba, saa kumi alasiri, kwa afande. Koplo amesema asikosekane mtu.